Tarakimu Zikiwa Hewani, Nani Anazijibia?

Siku moja baada ya uchaguzi wa Agosti 9, 2022, Mkenya aliyekuwa akihama kutoka runinga moja hadi nyingine alikutana na kinyang'anyiro tofauti kila alipobonyeza rimoti. Huku Raila Odinga alikuwa mbele, kule William Ruto ndiye aliyeongoza, na kwingine pengo lilikuwa dogo mno. Ilhali stesheni zote zilikuwa zikisoma kutoka mahali pamoja: tovuti ya Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka, IEBC, ambako picha za fomu 34A, zile za matokeo ya kila kituo, zilikuwa zikimiminika kutoka vituo 46,229 vya kupigia kura.

Si lazima mtu apike hesabu ili mambo yawe hivyo. Tume iliamua kuweka picha za fomu hadharani bila kuzijumlisha, ikamwachia kila anayetaka ajumlishe mwenyewe. Vyombo vya habari vikakusanya makarani, nao wakaketi mbele ya kompyuta, wakafungua fomu moja moja na kuchapa tarakimu kwenye majedwali. Aliyeanzia fomu za ngome ya mgombea mmoja alipata picha moja, aliyeanzia kwingine akapata nyingine. Kadiri siku zilivyosonga, baadhi ya stesheni zilipunguza kasi, nyingine zikaacha kujumlisha kabla ya kufika mwisho, na uvumi ukapata nafasi. Mwenyekiti wa tume, Wafula Chebukati, alipotangaza matokeo Agosti 15, Ruto alikuwa na kura 7,176,141 na Odinga 6,942,930. Kwa tofauti ya kura 233,211, mpangilio tu wa kufungua fomu unatosha kumgeuza anayeongoza kwenye skrini.

Tangu hapo kuna mjadala ambao haujaisha miongoni mwa watu wanaopeleka data hai hewani. Je, stesheni zichangie mkondo mmoja wa data, unaolisha grafiki za runinga, tovuti na dashibodi za wahariri kwa wakati mmoja? Au kila mmoja abaki na jedwali lake? Wanaozungumza hapa ni wanne, nao tuwaite kwa kazi zao, kwa kuwa hoja hizi ni za kazi, si za mtu fulani: mhandisi wa programu, mtayarishaji wa matangazo ya moja kwa moja, mhariri wa takwimu, na fundi wa grafiki.

Mhandisi ndiye anayeanza, na haanzi kwa upole. "Tarakimu moja ilichapwa mara ngapi?" anauliza. "Msimamizi wa kituo aliiandika kwenye fomu. Karani akaichapa kwenye jedwali. Mtu mwingine akaisoma kutoka kwenye jedwali, akaichapa kwenye mashine ya grafiki. Wa tatu akaichapa kwenye tovuti. Halafu tunashangaa kwa nini chini ya skrini pameandikwa hivi na kwenye simu ya mtazamaji pameandikwa vile."

Anachotaka ni kwamba kila namba ichapwe mara moja, ihifadhiwe mahali pamoja, na kila kifaa kinachoihitaji kiisome kutoka hapo kupitia API, yaani mlango ambao programu moja huutumia kuomba data kutoka kwa nyingine. Jambo hilo si ndoto. Grafiki nyingi za hewani siku hizi ni kurasa za wavuti zisizo na rangi ya nyuma, zinazowekwa juu ya picha ya kamera. OBS, programu ya bure ambayo makanisa na vijana wa YouTube wanaitumia kila wiki, inaweza kufungua ukurasa wa namna hiyo. vMix nayo inaweza. CasparCG, mfumo uliozaliwa ndani ya SVT, televisheni ya umma ya Sweden, na kutumika hewani tangu 2006, nao unaweza. Kwa hiyo kijana anayejua kutengeneza ukurasa wa wavuti Nairobi au Mwanza ana ujuzi wa kutosha kutengeneza ubao wa matokeo wa runinga, na ubao huo ukasoma data ileile inayosomwa na dashibodi ya mhariri ghorofa ya juu.

"Dada, hayo yote nayakubali," anajibu mtayarishaji. "Lakini wewe hujakaa kwenye kile kiti. Tovuti ikikosea, unaifuta na kuandika upya. Hewani hakuna kufuta. Kabla hujasema samahani, mtu ameshapiga picha skrini, ameshaituma kwenye makundi ya WhatsApp, na kesho yake inatajwa jukwaani."

Hofu yake ina historia. Katika uchaguzi wa Machi 4, 2013, matokeo ya muda yalikuwa yakionyeshwa kwenye skrini kubwa katika ukumbi wa Bomas jijini Nairobi huku runinga zikiyarusha nchi nzima. Mstari mmoja ulishtua watu: kura zilizokataliwa zilizidi laki tatu. Wanasiasa wakaanza kubishana kama kura hizo ziingizwe kwenye hesabu ya asilimia hamsini na kura moja, maana wingi wake ungeweza kuupeleka uchaguzi kwenye duru ya pili. Baadaye tume ikaeleza kwamba programu ilikuwa ikizizidisha kura zilizokataliwa mara nane. Hesabu ya mwisho ilikuwa 108,975. Kosa lilikuwa ndani ya msimbo, likaliwasha taifa kwa siku kadhaa, na chama kimoja na kingine vikajenga hoja za kisheria juu ya namba ambayo haikuwapo.

Mhandisi anakitumia kisa hicho hicho kugeuza kibao. Kosa la 2013, anasema, lilidumu kwa sababu kilichofika hewani kilikuwa jumla tupu. Mtu aliye nje hakuwa na jinsi ya kuifungua jumla ile na kuona imetokana na vituo gani. Kama mkondo ungekuwa umebeba tarakimu za kila kituo, mwanafunzi yeyote mwenye jedwali la kompyuta angejumlisha na kugundua tofauti kabla ya usiku kwisha.

Hapo mhariri wa takwimu anaingia. Yeye hana haraka ya kuchagua upande. Analeta 2017.

Mwaka ule tovuti ya tume ilionyesha tarakimu hai muda mfupi baada ya vituo kufungwa, asilimia zikiwa zimejipanga vizuri, lakini maelfu ya fomu 34A zilizopaswa kuzithibitisha hazikuwa zimefika hata matokeo yalipotangazwa Agosti 11. Mahakamani tume ilijitetea kwamba zile zilikuwa takwimu tu, si matokeo. Septemba 1, 2017, Mahakama ya Juu chini ya Jaji Mkuu David Maraga ilibatilisha uchaguzi wa rais, na jinsi matokeo yalivyosafirishwa kutoka vituoni ilikuwa miongoni mwa sababu kuu. "Ndiyo maana 2022 tume ilitupa picha bila jumla," mhariri anasema. "Ilikuwa imeshaungua. Mwaka 2017 tulipewa namba bila ushahidi. Mwaka 2022 tukapewa ushahidi bila namba. Sisi vyombo vya habari tuliachiwa kazi ya katikati, na kila mmoja akaifanya peke yake."

Kauli hiyo ndiyo kiini cha suala lote, na ingefaa irudiwe katika kila kikao cha maandalizi.

Mtayarishaji hajatosheka. Mkondo mmoja unaoshirikiwa na wote, anasema, ni mtego wa wote. Stesheni kumi zikinywa data moja, kosa moja linakuwa makosa kumi kwa sekunde moja. Na kwa hili anao ushahidi kutoka mbali, katika uchaguzi wa Marekani wa Novemba 2000.

Usiku ule mitandao mikubwa ya runinga pamoja na shirika la habari la AP ilikuwa ikitumia huduma ya pamoja iliyoitwa Voter News Service, VNS. Saa nane na dakika kumi na sita za usiku kwa saa za kule, yaani 2:16 alfajiri, Fox ilitangaza kwamba George W. Bush ameshinda Florida na hivyo urais. Ndani ya dakika nne hivi NBC, CNN, CBS na ABC zikafuata. Al Gore akampigia simu Bush kumpongeza, kisha akampigia tena kuiondoa pongezi. Mitandao nayo ikarudisha maneno yake. Mshindi alikuja kujulikana majuma kadhaa baadaye, kwa tofauti ya kura 537 katika jimbo zima.

Nini kilitokea? Kati ya mambo yaliyoivuruga hesabu ya usiku ule ni kaunti ya Volusia. Kituo kimoja chenye wapiga kura wapatao 600 kilileta kumbukumbu ya kielektroniki yenye kasoro, na Gore akapewa kura 16,022 chini ya sifuri. Mgombea wa chama kidogo cha kisoshalisti akapata takriban kura 10,000 katika kituo hichohicho. Tarakimu hizo zilipita hadi kwenye mkondo wa pamoja, na mkondo ukazifikisha kwa watangazaji wote.

Msomaji asiye mtu wa kompyuta anaweza kudhani kuzuia jambo kama hilo kunahitaji mashine ya ajabu. Hapana. Kunahitaji mistari miwili ya msimbo. Wa kwanza unasema: kura za mgombea katika kituo haziwezi kuwa chini ya sifuri. Wa pili unasema: jumla ya kura za kituo haiwezi kuzidi walioandikishwa pale. Rekodi inayovunja sharti lolote kati ya hayo isipite, iwekwe kando, na mtu aitwe aitazame. Sharti la tatu linaweza kuongezwa bila gharama: jumla inayokusanywa ikipungua ghafla, grafiki igande pale ilipo hadi mhariri aruhusu.

Lakini kuna sehemu ya kisa cha Florida ambayo mhandisi na mtayarishaji wote wawili wanapaswa kuitafakari, maana inamkata kila mmoja kidogo. AP ilikuwa mwanachama wa VNS, na bado iliendesha hesabu yake yenyewe kando, kazi ambayo shirika hilo limeifanya tangu 1848. Hesabu hiyo ya pili ilionyesha uongozi wa Bush ukiyeyuka. AP haikutangaza mshindi. Wote walikuwa na data ya pamoja, ila mmoja alikuwa na kitu cha kuilinganisha nayo.

"Basi unaona," mtayarishaji anasema, "kila mtu abaki na lake."

"Mzee, sivyo," mhandisi anajibu. "AP haikuokolewa na upweke. Iliokolewa na kuwa na njia mbili za kufika kwenye namba moja. Sisi 2022 tulikuwa na njia nyingi, na hakuna iliyolinganishwa na nyingine."

Mhariri anakubaliana naye, kisha anaongeza mfano uliotokea Nairobi kwenyewe. Katika siku zile za Agosti 2022 Reuters nayo ilikuwa ikijumlisha, lakini ilijumlisha kwa fomu 34B, zile za maeneo bunge, na ilisema wazi kwamba inaziacha kando fomu zenye dosari, kama zile zisizo na sahihi au zisizosomeka. Mtazamaji aliweza kujua namba ile imetoka wapi na nini hakimo ndani yake. Wengi hawakumpa mtazamaji hata hilo.

Muda wote huo fundi wa grafiki amekaa kimya. Anapozungumza, anaanza na mambo ambayo wakubwa huyaona madogo. Kisanduku cha namba kimepimwa kwa tarakimu sita, jumla ikafika milioni, tarakimu ya mbele ikafichwa na pembe ya kisanduku: milioni 1.2 ikasomeka laki mbili. Data ikikatika, sehemu isiyo na kitu husomwa na programu kama sifuri, na mgombea mwenye kura milioni tatu anaonekana hana hata moja. Intaneti ikidorora, ubao unaendelea kung'aa na kuzungusha rangi zake kana kwamba uko hai, kumbe namba ni za saa nzima iliyopita.

"Mnabishana nani ashiriki na nani," anasema. "Mimi nawauliza mnanipa nini. Mkinipa jumla peke yake, nitaonyesha jumla peke yake. Nipeni rekodi iliyokamilika."

Anachomaanisha ni hiki. Rekodi inayofika kwenye grafiki isiwe "Mgombea A: 412,806" na basi. Iwe na jumla, iwe na idadi ya vituo vilivyohesabiwa kati ya 46,229, iwe na saa, dakika na sekunde ambapo rekodi ya mwisho iliingia, iwe na jina la chanzo, iwe na namba ya toleo ili mtu akiuliza kesho ajulishwe ni toleo la ngapi lilikuwa hewani, na iwe na neno moja la hali: majaribio, imezuiwa, au imeruhusiwa. Ubao wenyewe uandikwe kwa namna ambayo haukubali kuchora namba isiyo na idadi ya vituo na saa yake. Sehemu hizo zikikosekana, ubao ubaki mtupu.

Neno "majaribio" katika orodha yake halikuwekwa kwa mapambo. Juni 29, 2021, bodi ya uchaguzi ya jiji la New York ilitoa matokeo ya awali ya mchujo wa umeya wa chama cha Democratic, kisha ikayaondoa usiku uleule: kura zipatazo 135,000 za kufanyia majaribio hazikuwa zimefutwa kwenye mfumo, nazo zilijumlishwa pamoja na kura za watu halisi. Kila timu ya runinga inayofanya mazoezi kabla ya uchaguzi huingiza namba za kubuni. Kama namba ya kubuni na namba ya kweli zina sura moja ndani ya mfumo, siku moja zitapishana njiani. Rekodi ya majaribio inapaswa kubeba alama yake hadi kwenye skrini, na skrini ya hewani ikatae kuifungua.

Linabaki suala la ushindani, na hapa mtayarishaji anasema kwa uwazi ambao wengi huuficha. Stesheni inataka kuwa ya kwanza. Mdhamini wa kipindi cha matokeo analipia watazamaji, na watazamaji hukimbilia panapopanda namba haraka. Kwa nini chumba kilichoajiri makarani wengi kimgawie jirani jasho lake?

Jibu linaweza kupatikana kwa kalamu na karatasi. Fomu 34A ya 2022 ilikuwa na wagombea wanne wa urais, pamoja na kura zilizokataliwa na jumla. Tuseme karani mzoefu anaifungua, anaisoma na kuichapa kwa dakika mbili. Fomu 46,229 zinakula saa 1,541 za kazi. Vyumba sita vya habari vikifanya hivyo kila kimoja peke yake vinatumia zaidi ya saa 9,200, na kila fomu katika kila chumba imesomwa na jicho moja tu, tena lililochoka. Vyumba hivyo sita vikigawana fomu, kila fomu ikachapwa na makarani wawili wa vyumba tofauti, na mfumo ukapitisha zile tu ambazo wawili wamekubaliana, kazi yote inachukua takriban saa 3,080. Makarani mia moja wanaimaliza kwa saa 31. Ni theluthi moja ya nguvu, na kila namba imethibitishwa na mshindani. Fomu ambazo wawili hawakukubaliana hizo ndizo habari yenyewe, na mwandishi yeyote mwenye pua ya kazi atazikimbilia.

Ushindani haufi hapo. Unahamia mahali unapostahili: nani anaeleza vizuri zaidi, nani ana mchambuzi anayejua kwa nini eneo bunge fulani limegeuka, nani ana ramani inayosomeka kwenye simu ya skrini ndogo. Mtayarishaji analiona hilo, japo anaweka sharti ambalo wenzake wanapaswa kulikubali bila kinyongo: kati ya data na hewa kuwe na kitufe, na kwenye kitufe kuwe na mtu mwenye mamlaka ya kusema hapana. Dashibodi ya mhariri ionyeshe kila kitu papo hapo, pamoja na rekodi zilizozuiwa na sababu zake. Skrini ya mtazamaji ionyeshe tu kilichoruhusiwa. Data ni moja, ila milango ni miwili.

Mwandishi wa makala haya anasimama na fundi wa grafiki na mhariri. Kuchangia jumla ni hatari, na Florida imeonyesha. Kila mmoja kujifungia na jedwali lake kunachanganya watu, na Nairobi imeonyesha. Kinachofaa kuchangiwa ni rekodi ya kila fomu, iliyochapwa mara mbili, ikiwa na kiungo cha picha yake, iliyo wazi kwa stesheni, kwa vyama, kwa wanafunzi wa chuo na kwa mwananchi yeyote anayetaka kujumlisha mwenyewe. Jumla kila mmoja aifanye, na aitetee.

Katiba ya Kenya inaweka uchaguzi mkuu Jumanne ya pili ya Agosti kila mwaka wa tano, na safari ijayo tarehe hiyo ni Agosti 10, 2027. Wahariri wakuu, wakuu wa mitambo na waandishi wa programu wa vyombo vya habari wakubaliane mapema juu ya sura ya rekodi hiyo moja: majina ya sehemu zake, alama ya majaribio, masharti ya kuizuia. Kisha waijaribu kwenye chaguzi ndogo, pamoja, mtazamaji akiona kwenye kila skrini idadi ya fomu na saa ya mwisho. Kazi hiyo haihitaji sheria mpya wala ruhusa ya tume, kwa sababu kama tume itaziweka tena fomu hadharani ilivyofanya 2022, malighafi yote itakuwa mikononi mwao usiku ule ule.